Kura za Ng'ambo ya Barabara

Mwaka ule, majani yalipoanza kupukutika, mzee Emil Brandvold mwenye ardhi yetu aliacha kupita nyumba kwa nyumba. Zamani alikuwa anapita mwenyewe na gari lake bovu, anauliza bomba la nani limeganda, anakunywa kahawa kwa Ardis, anaondoka. Safari hii walikuja vijana wawili wenye vizibao vya rangi ya chungwa. Wakapigilia vigingi kandokando ya uzio, kila kigingi wakakifunga utepe wa waridi, wakaanza kukusanya vifaa vyao bila hata salamu. Nikawatokea mlangoni.

"Nyie, mnapima nini hapo?"

"Tunapima tu, mama."

Tunapima tu. Mtu mzima na akili zake anatoka kwao asubuhi, anakuja kupima mahali watu wanapoishi, basi tu. Niliwaambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Ardis Tollefson, jirani yangu, akatoka na taulo begani akawauliza kama wanataka kahawa. Ndivyo alivyo Ardis. Mwizi akiingia kwake atamwuliza kwanza kama amekula.

Mimi ni Lorna. Niliendesha basi la shule la Kettlerud mpaka macho yakanigomea, na miaka yote hiyo niliishi ubavuni mwa Ardis huko Willowmere, mtaa wa trela, zile nyumba za bati zinazoletwa kwa kuvutwa na gari, ulio ng'ambo ya barabara kuu kutoka kijiji cha Kettlerud. Ni huku kaskazini mwa Marekani, kwenye maziwa mengi na jibini nyingi, ambako baridi ikishuka inashuka kweli. Trela zilikuwa zetu. Ardhi chini yake ilikuwa ya Emil, na tulimlipa kodi ya kiwanja. Watu wa mjini hutucheka, wanadhani tukifukuzwa tutafunga gari mbele tuvute nyumba twende zetu. Nani kawaambia? Trela ya Ardis ilikuwa imekaa pale tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Ukiivuta inakatika katikati, na hakuna mtaa unaopokea trela ya umri ule. Ardhi ikiuzwa kwa mtu asiyetutaka, Ardis hakuwa na nyumba tena. Alikuwa na mabati.

Alikuwa ameshapoteza makao mara moja. Alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, akaolewa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, na benki ikalichukua hilo la pili yeye na mumewe Norbert wakiwa vijana. Ng'ombe walinadiwa uani, jirani kwa jirani wakinunua huku wakiangalia chini. Norbert akaleta trela, akasema tutakaa hapa kwa muda tu. Akafia humo humo, kwenye kiti karibu na dirisha, akiwa bado anasema ni kwa muda tu. Ardis akabaki anapika shuleni Kettlerud. Hakuna mtu chini ya umri fulani katika kijiji kile ambaye hajala viazi vyake.

Na hakuwahi kukosa uchaguzi hata mmoja. Theluji ije, homa ije, Ardis anakwenda na koti lake la kanisani. Alikuwa na imani yake moja ambayo tulibishana juu yake mpaka mate yakanikauka. Aliamini kwamba mtu uliyempa kura hawezi kukutupa.

"Ukimpa mtu kura yako, Lorna, umemshika mkono," alikuwa anasema. "Atakuonaje uso kwa uso kisha akugeuke?"

"Wanatuona uso kwa uso kila siku, shoga. Wanageuka vizuri sana."

"Wewe roho yako chungu."

"Na yako imewekwa sukari mno."

Basi, mwaka ule wa vigingi ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa bunge la jimbo. Palikuwa na mswada unaozungumzwa, kwamba mtaa kama wetu usiuzwe mpaka wakazi waambiwe kwanza na wapewe nafasi ya kuungana wainunue ardhi wenyewe. Mswada ule ulikuwa kila kitu. Ukipita tungekopa, tungeuza keki, tungeuza figo, lakini tungebaki. Usipopita, Emil aliyezeeka angeuza kwa yeyote, nasi tungesikia siku ya kufukuzwa. Kila aliyehama mwaka ule, kiwanja chake kiliachwa kitupu. Emil hakuweka mpangaji mwingine. Viwanja vitupu vikazidi, majani yakaota mpaka kiunoni, na ukipiga simu kwa Emil ilikuwa inaita mpaka inakata.

Tumaini letu lilikuwa Mwalimu Joanne Bielke. Alifundisha darasa la nne Kettlerud, Ardis alimlisha miaka na miaka, na sasa alikuwa anagombea. Mpinzani wake alikuwa Orrin Stuckey, mkulima wa mahindi mwenye mdomo. Ukaandaliwa mkutano wa kuwasikiliza wote wawili katika ukumbi wa kijiji, na wanawake wa Willowmere tukaleta pai. Ardis alileta za cheri. Kwetu pai huwekwa nyuma ya ukumbi, na si adabu mtu kuinuka kuifuata wakati jambo la maana linasemwa. Unangoja jambo la kuchosha.

Msimamizi alikuwa Bi Engstrand wa maktaba. Akauliza kwanza juu ya makazi. Stuckey akasema mwenye mali auze kwa amtakaye, hii siyo nchi ya kuombana ruhusa. Ardis akasimama.

"Mwalimu, huo mswada wa mitaa ya trela utaupigia kura?"

"Nitaupigia, Bibi Ardis. Nakuahidi mbele ya watu wote hawa."

Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Likaja la elimu. Stuckey akataka shule ndogo ziunganishwe, watoto wetu wapelekwe mjini kwa basi. Mwalimu akasema karibu nusu ya watoto wa shule ya Kettlerud wanavuka barabara kutoka Willowmere, kwa hiyo mtaa ule ukiondoka shule imekwenda nao. Watu wa kijijini ambao hawajawahi kutusalimia vizuri wakageuka kututazama, na nikaona kwamba wameogopa.

Kisha Bi Engstrand akasema, "Sasa tuje kwenye uwakilishi wa haki, na mipaka mipya ya maeneo ya uchaguzi." Akakunjua ramani.

Na sisi, watu wote wa Willowmere, tukainuka kwenda kula pai.

Mipaka! Nani anakaa kusikiliza mipaka? Nilikata kipande kikubwa. Ardis alikuwa anamimina kahawa na kuwacheka waliobaki vitini. Nilimsikia Mwalimu kwa mbali akisema mipaka ichorwe na tume isiyo na chama, na Stuckey akisema hata tume ina shemeji zake, na watu wakacheka. Ramani ilikuwa pale mbele, kubwa kama shuka. Tulirudi vitini ilipokuwa inakunjwa.

Tangu siku hiyo Ardis hakukaa. Aliweka mabango ya Mwalimu Bielke uzio mzima, moja kila baada ya kigingi, kana kwamba bango litakizuia kigingi. Aliwaokea mikate watu wake wa kampeni. Mimi nikaona jambo moja ambalo halikunipendeza. Mwalimu alikuwa anagonga milango ya kijiji kizima, mpaka kwa wale wenye mbwa wakali, lakini hakuvuka barabara kuja kwetu.

"Mbona kwetu hagongi?" nikamwuliza Ardis.

"Agonge ya nini? Anajua sisi ni wake."

"Hata mume wangu alikuwa anajua mimi ni wake, na bado nilitaka kuambiwa."

"Lorna, mwache mwalimu wa watu."

Ijumaa moja tulikuwa baa, siku ya samaki wa kukaanga, foleni imefika nje. Stuckey akapita na sahani yake. Ardis, mstaarabu hata kwa adui, akamwambia, "Bwana Stuckey, usinichukie, lakini kura yetu Willowmere huipati."

Stuckey akacheka mpaka samaki wakateleza kwenye sahani. "Bibi Ardis, wala silali macho kwa ajili ya kura zenu," akasema, akapita.

Tulimwona fidhuli. Tulimsema meza nzima, tukamsema na mama yake. Kumbe alikuwa anasema kweli tupu, yule mtu, na sisi tunamsuta.

Siku ya uchaguzi ilikuwa na ukungu. Ardis alivaa koti lake la kanisani, tukavuka barabara. Ukumbini palikuwa na meza mbili badala ya moja. Phyllis, karani wa kijiji, akatuelekeza kwenye ile ya pembeni, karibu na mlango wa choo. Tukapewa karatasi. Nikatafuta jina la Mwalimu Bielke nikalikosa. Nikavaa miwani nikatafuta tena. Kwa bunge la jimbo palikuwa na jina moja tu, Curt Haldane, na chini yake mstari mtupu wa kuandika jina la mtu mwingine kama unataka.

"Phyllis," Ardis akaita kwa upole, "umetupa karatasi isiyo yetu."

"Ni yenu, Ardis. Ninyi sasa ni eneo lingine. Mpaka mpya unapita katikati ya barabara."

"Barabara ipi?"

"Hii mliyovuka."

Phyllis alieleza polepole, kama anamweleza mgonjwa. Kijiji kilikuwa eneo la Mwalimu na Stuckey. Willowmere peke yake ilikuwa imeunganishwa na miji ya kando ya ziwa kubwa, mwendo wa saa nzima kwa gari, kwenye majumba yenye gati na boti. Huko hakuna aliyejitokeza kupingana na huyo Haldane. Ni wakili, Phyllis akasema, zaidi ya hapo hajui.

"Mbona hukutuambia?" nikamfokea. Watu wakageuka.

"Lilisemwa kwenye mkutano, Lorna. Na ramani ikaonyeshwa."

Tukaziacha karatasi mezani tukatoka. Mwalimu alikuwa nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka ukumbini. Alifungua mlango, akaona nyuso zetu, rangi ikamtoka.

"Nilidhani mnajua," akasema.

"Uliniahidi mbele ya watu," Ardis akamwambia.

"Nilikuahidi kuupigia mswada kura, na nitaupigia. Sikusema ninyi ni wangu."

"Na mabango? Yale ya uzio wangu mzima?"

Mwalimu akasema barabara ile hupitiwa na wapiga kura wake wengi. Nilitaka kumkaba. Ardis alinishika mkono wa koti, akamtakia Mwalimu kila la heri, tukaondoka. Angalau angemtukana. Sijamsamehe Ardis kwa kutomtukana, mpaka leo.

Watu wa Willowmere walikusanyika nje ya ukumbi, kila mmoja ana lake. Mimi nikasema tuandike jina la mbwa. Mwingine akasema tuandike la Mwalimu hivyo hivyo. Mwingine turudi nyumbani tu. Ardis akapanda kwenye ngazi. Hakuwahi kuhutubia mtu katika maisha yake isipokuwa watoto wanaotupa karoti.

"Huyo Haldane atashinda, tupende tusipende," akasema. "Tukimwandikia majina ya mbwa atatuona wahuni. Tukimnyima atatuona maadui. Tumpe zote. Tumpe kila kura ya Willowmere, halafu tumwendee tumwambie, sisi ndio tuliokupa, na sisi tunataka kitu kimoja tu."

Walimsikiliza. Nani angemkatalia? Nusu yao walikuwa wamekula mkononi mwake. Waliingia mmoja mmoja wakampa Haldane. Mimi peke yangu nilimwambia Ardis usoni kwamba siwezi, nikakiacha kitupu kile kisanduku cha kura ya bunge kwenye karatasi, na kitupu hakihesabiwi popote.

Haldane alikuja baada ya mwaka mpya, theluji ikiwa magotini. Ardis alimpigia simu ofisini kwake, na akaja kweli. Ardis alinitazama kwa jicho la kunisuta alipoliona gari lile refu linaingia.

"Unaona? Nilikwambia."

Alikuwa mtu laini, ana sauti ya kubembeleza. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula vipande viwili vya pai, akasifu, akauliza maswali. Trela ni ya mwaka gani? Inaweza kuvutwa? Sakafu chini imeoza? Viwanja vingapi vimebaki vitupu? Wazee wangapi wanaishi peke yao? Ardis akajibu yote, la sakafu, la viwanja, mpaka la kwamba hana mtoto wala ndugu wa kumpokea. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akasogeza mguu.

"Tulikupa kura zote, Bwana Haldane," akamwambia. "Mtaa mzima."

"Niliona, mama. Ilinigusa sana."

"Basi na wewe utushike kwenye ule mswada."

"Nitalibeba neno lenu mpaka mbele ya kamati," akasema. "Hilo nakuahidi."

Mimi nikamwuliza yeye ni wakili wa nani. Akatabasamu, akasema ana wateja wengi. Wakati anatoka alisimama kidogo kwenye ngazi, akatazama mtaa kutoka mwisho hadi mwisho, jinsi mtu anavyotazama chumba kabla ya kuamua meza ikae wapi. Halafu akaniaga kwa jina, ingawa sikuwa nimemwambia jina langu.

Wiki ile ile mpwa wa mzee Emil alinifungukia baa. Emil alikuwa ameshasaini na kampuni fulani kwamba atawauzia theluji ikiyeyuka, na aliyeandika mkataba alikuwa Haldane. Nilikimbia kwa Ardis bila hata kufunga koti. Alikuwa anakunja nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja.

"Huenda hilo ni la kazi yake," akasema. "Sisi alituahidi kwa mdomo wake, ndani ya nyumba yangu."

"Ardis, huyo alikuja kukagua mzigo wake!"

"Alikula chakula changu, Lorna."

Nilikaa kwenye kiti cha Norbert nikalia. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Mswada ukaitwa mbele ya kamati. Tulisafiri na basi hadi makao makuu ya jimbo, Ardis na koti lake, na karatasi ya maneno aliyoyaandika akayafuta akayaandika tena. Chumba kilikuwa na dari ndefu na viti vya ngozi. Mwalimu Bielke, aliyeshinda kule kwake, alikuja akasema kwa nguvu upande wetu, hilo namhesabia. Haldane alikuwa mmoja wa wajumbe wa kamati. Ardis akaitwa. Aliwaeleza juu ya shamba na ng'ombe walionadiwa, juu ya Norbert, juu ya shule itakayofungwa. Hakusoma karatasi. Mjumbe mmoja alivua miwani akaifuta. Nikasema moyoni, jamani, huenda.

Ndipo Haldane akaomba nafasi.

"Namheshimu sana Bibi Tollefson," akasema. "Nimekaa mezani kwake, na nilimwahidi kulibeba neno la wakazi wake mpaka hapa. Msimamo wangu juu ya mswada huu ulikuwa wazi tangu kampeni, nimeuandika na kuutangaza. Mimi naupinga. Pamoja na hayo, kila kura iliyohesabiwa kutoka Willowmere ilikuwa yangu. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika jina lingine, ingawa nafasi ilikuwepo. Hilo ndilo neno lao, nami nimelileta. Wakazi wenyewe wameshasema wanataka nini."

Mwenyekiti, mama mmoja mwenye sura nzuri tu, isiyo na ubaya, akamgeukia Ardis.

"Bibi Tollefson, ni kweli? Mlimpigia yeye wote?"

Nilimwombea Ardis aseme uongo. Mara moja tu katika maisha yake. Au aeleze habari za barabara, na mpaka, na jina moja kwenye karatasi. Alimtazama Haldane usoni, akangoja, na nikajua anachongoja. Alikuwa anangoja aone haya. Haldane akamtazama vilevile, kwa upole ule ule, kama mjukuu.

"Ni kweli," Ardis akasema. "Niliwaambia mimi."

"Asante, mama," mwenyekiti akasema, akaita jina la anayefuata.